Aina na Dhima: Uhakiki wa Uainishaji wa Maneno ya Kila Siku ya Kiingereza na Kivuli Chake katika Sarufi ya Kiswahili

Swali lisilokoma kuulizwa madarasani, tangu shule za msingi hadi mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ni hili: neno fulani la Kiingereza ni la aina gani? Mwanafunzi huandikiwa ubaoni neno kama ‘back’, naye hutakiwa kujibu papo hapo kwamba ni nomino, au kitenzi, au kielezi. Akisita huhesabiwa kuwa hajui sarufi. Hata hivyo, kusita kwake kuna haki. Katika ‘my back aches’ neno hilo ni nomino. Katika ‘he will back the lorry’ ni kitenzi chenye shamirisho. Katika ‘she came back’ huitwa kielezi. Na katika ‘the back door’ wataalamu wenyewe hawaafikiani. Neno lililotolewa nje ya sentensi halina jibu moja, na mwalimu anayelitaka jibu hilo anataka kitu ambacho lugha ya Kiingereza haikuwahi kukitoa.

Vitabu vingi vya shule hujaribu kulikwepa tatizo hili kwa kusema kwamba ‘back’ ni nomino ambayo wakati mwingine “hutumika kama” kitenzi. Kauli hiyo ndiyo chanzo cha mengi yatakayojadiliwa hapa. Ndani yake yamechanganywa mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa: aina ya neno, yaani kundi linalothibitishwa na maumbo yake na nafasi zote linazoweza kukalia katika lugha, na dhima ya neno, yaani kazi linayoifanya katika sentensi moja iliyo mbele ya msomaji. Katika ‘he backed the lorry’ neno limechukua alama ya wakati uliopita, limechukua kiima na shamirisho. Halitumiki “kama” kitenzi, bali ni kitenzi kamili. Kwa upande mwingine, katika ‘stone wall’ neno ‘stone’ linapambanua nomino nyingine, na kwa sababu hiyo tu watahini wengi hutarajia liitwe kivumishi. Mwanafunzi aliyeandika kwamba ni nomino hunyimwa alama, ilhali yeye ndiye aliyesema kweli. Haiwezekani kusema ‘very stone’, wala ‘stoner’ kwa maana ya kulinganisha. Neno limebaki nomino. Dhima yake ndiyo iliyobadilika.

Mkanganyiko huu ni mkongwe. Kitabu cha sarufi ya Kiyunani kinachohusishwa na Dionysius Thrax wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kiliyagawa maneno katika makundi manane. Katika manane hayo kivumishi hakikuwamo. Kilihesabiwa kuwa nomino, kwa kuwa katika Kiyunani vyote viwili huchukua miishilio inayofanana. Warumi walipoirithi orodha hiyo walikuta kwamba Kilatini hakina neno lenye kazi ya ‘the’. Wakaliondoa kundi hilo, na ili hesabu isipungue manane, kihisishi kikapewa nafasi yake ya pekee. Hesabu ilikuwa imekwisha kupata heshima kuliko lugha zilizohesabiwa. Priscian, aliyefundisha Konstantinopoli mnamo mwaka 500 baada ya Kristo, aliipokea vivyo hivyo, na Ulaya nzima ikajifunza kwake kwa muda wa karne nyingi. Robert Lowth alipochapisha sarufi yake fupi ya Kiingereza mwaka 1762 makundi yalikuwa tisa: kivumishi kimetengwa na nomino, na ‘the’ na ‘a’ zimerudishwa. Lindley Murray alifuata nyayo hizo mwaka 1795, na kitabu chake kikawa mwalimu wa walimu Uingereza na Marekani katika karne iliyofuata.

Pamoja na orodha zikaja fasili. Nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Kitenzi ni neno la kutenda. Kivumishi ni neno la sifa. Fasili hizi ni za maana, nazo zina urahisi unaovutia, hasa kwa mtoto wa miaka kumi. Udhaifu wake huonekana mara moja neno kama ‘arrival’ linapoletwa. Kuwasili ni tendo, si mtu wala mahali wala kitu. Lakini ‘arrival’ ni nomino bila ubishi. Mtetezi wa fasili atasema kwamba hapa tendo limefanywa kuwa kitu. Akiulizwa amejuaje, hana jibu ila kwamba neno ni nomino. Hoja imezunguka na kurudi ilikoanza.

Ithibati iliyo nzito zaidi ipo karibu na msomaji wa Afrika Mashariki, na inashangaza kwamba haitumiwi sana madarasani. Mwingereza husema ‘I am hungry’, na ‘hungry’ ni kivumishi. Mswahili husema ‘nina njaa’, na ‘njaa’ ni nomino ya ngeli ya tisa. Hali ni ile ile, tumbo ni lile lile. ‘I am tired’ ni kivumishi tena. ‘Nimechoka’ ni kitenzi. ‘The mango is ripe’: kivumishi, ‘embe limeiva’: kitenzi. ‘The pot is full’, ‘chungu kimejaa’. ‘She is late’, ‘amechelewa’. ‘He is drunk’, ‘amelewa’. Kinyume chake, ‘it suffices’ ya Waingereza wa zamani ni kitenzi kama ‘inatosha’, lakini Mwingereza wa leo akiwa mezani atasema ‘that is enough’, wala hakuna aliyedai kwamba maana imehama. Ikiwa kivumishi ni neno la sifa, basi ‘-iva’, ‘-choka’, ‘-jaa’ na ‘-lewa’ ni vivumishi, na Kiswahili kitakuwa na vivumishi vinavyochukua viambishi vya nafsi, vya njeo na vya kukanusha. Hakuna mwanasarufi atakayekubali hilo. Basi aina ya neno haikai katika maana. Kila lugha hugawa hali za ulimwengu katika makundi yake kwa taratibu zake yenyewe.

Wala hili si jambo la nadharia tupu. Mwanafunzi aliyefundishwa fasili za maana kwa Kiingereza, kisha akafundishwa tafsiri za fasili hizo hizo katika somo la Kiswahili, huanza kutafuta katika Kiswahili vivumishi ambavyo havimo. Akiona ‘embe lililoiva’ atasema ni kivumishi, kwa kuwa Kiingereza kina ‘ripe’. Kumbe ‘lililoiva’ lina kiambishi cha ngeli, lina ‘-li-’ ya wakati uliopita, lina kirejeshi, na lina mzizi wa kitenzi. Dhima yake ni kuivumisha nomino. Aina yake ni kitenzi.

Kwa nini wasemaji wa Kiingereza wenyewe hupotea katika maneno yao? Sababu imo katika historia ya lugha yao. Kiingereza cha kale kilikuwa na miishilio mingi iliyoonyesha kazi ya kila neno. Karne zilivyopita sehemu kubwa ya miishilio hiyo ilianguka, na kazi yake ikachukuliwa na mpangilio wa maneno pamoja na vijineno kama ‘the’, ‘of’ na ‘to’. Vijineno hivyo vikiondolewa, kama wafanyavyo wahariri wa magazeti katika vichwa vya habari, msomaji huachwa njia panda. Kichwa kama ‘Police guard plans change’ chaweza kusomwa kwamba kikosi cha ulinzi cha polisi kinapanga mabadiliko, au kwamba mipango ya ulinzi wa polisi inabadilika. Katika usomaji wa kwanza ‘plans’ ni kitenzi na ‘change’ ni nomino. Katika wa pili yamebadilishana. Hakuna herufi hata moja iliyosogezwa. Mhariri wa gazeti la Kiswahili hawezi kuuandika utata huo hata akitaka, kwa maana ‘kinapanga’ na ‘mipango’ hayafanani, na viambishi vimekwisha kusema kila kitu kabla ya msomaji kufika mwisho wa mstari.

Jaribio dogo laweza kulithibitisha hilo. Itungwe sentensi isiyo na maana yoyote: ‘Mbarugo alivipwata vidondi vyake vyote.’ Hapana kamusi yenye ‘mbarugo’, wala ‘-pwata’ ya namna hiyo, wala ‘vidondi’. Hata hivyo kila Mswahili atajua kwamba ‘mbarugo’ ni nomino, ‘alivipwata’ ni kitenzi chenye kiima na shamirisho, na ‘vidondi’ ni wingi wa ngeli ya ki-vi. Atayajua haya bila kuijua maana, kwa kuwa umbo limemwambia. Sarufi inayofasili aina kwa maana ingepaswa kunyamaza mbele ya sentensi hiyo.

Aliyeiona kasoro ya mapokeo kwa uwazi mkubwa upande wa Kiingereza alikuwa Otto Jespersen, Mdenishi, katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924. Mapokeo yalilipa neno ‘before’ majina matatu: kielezi katika ‘he came before’, kihusishi katika ‘before the rains’, na kiunganishi katika ‘before the rains came’. Jespersen aliuliza kwa nini kitenzi kinachoweza kuwa na shamirisho au kukosa shamirisho kibaki kitenzi kimoja, ilhali ‘before’ likatwe vipande vitatu kwa tofauti ya namna hiyo hiyo. Swali hilo lilikaa miaka mingi bila kuingia katika vitabu vya shule. Huddleston na Pullum walilikubali kwa kiasi kikubwa katika sarufi yao kubwa ya Cambridge ya mwaka 2002, lakini darasani ‘before’ lingali lina majina matatu, na ‘up’ la ‘look up the word’ lingali linaitwa kihusishi na wasiotaka kulisogeza. Likisogezwa jambo hudhihirika: ‘look the word up’ yakubalika, ‘look the tree up’, kwa maana ya kutazama juu kwenye mti, haikubaliki. Yanayofanana kwa macho si lazima yafanane kwa sarufi.

Charles Fries, mwanaisimu wa Kimarekani, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1952 juu ya muundo wa Kiingereza alitumia mazungumzo halisi ya simu yaliyonaswa, yapata saa hamsini, badala ya sentensi za waandishi mashuhuri. Majina ya kale aliyatupa yote. Alibakiwa na madaraja manne makubwa aliyoyapa namba, na makundi kumi na matano ya vijineno aliyoyapa herufi, kila moja likitambuliwa kwa nafasi za sentensi ambamo maneno yake yanaweza kupachikwa. Kwa kazi hiyo Fries anastahili sifa kwa jambo moja hasa: alimlazimisha mwanasarufi aonyeshe ithibati yake. Lakini mbinu yake ina gharama. Neno ‘not’ lilibaki peke yake katika kundi zima. Vivyo hivyo ‘there’ la ‘there is a man outside’. Vivyo hivyo ‘please’. Kundi lenye mwanachama mmoja si uainishaji, ni kukiri kwamba neno limeshindikana. Fauka ya hayo, namba hazikumfaa mwalimu yeyote. Randolph Quirk na wenziwe, katika sarufi yao ya mwaka 1985, walirudisha majina ya zamani lakini wakayajaza vigezo vya umbo na nafasi, na wakakubali kwamba mipaka ya makundi ina ukungu: yapo maneno yaliyo nomino tupu na yapo yaliyo katikati. Kwa anayefundisha, njia hiyo ndiyo iliyo salama. Jina la zamani halina madhara ikiwa fasili ya zamani imeondolewa.

Semi za kila siku ndizo zinazowaumbua waainishaji kuliko maneno pweke. ‘Good morning’ kwa umbo ni kirai nomino, kivumishi kikitangulia nomino yake. Kwa dhima ni maamkizi yasiyo na kiima wala kiarifu. ‘Thank you’ ni kitenzi na shamirisho vilivyopoteza kiima, na mtu akisema ‘a big thank you’ vimekwisha kuwa nomino. Anayeviita vyote vihisishi amesema kitu kuhusu dhima na hakusema lolote kuhusu aina. Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. Kihisishi, kwa mujibu wa fasili iliyotafsiriwa, ni neno lisilobadilika. Lakini Waswahili husema ‘asante’ kwa mmoja na ‘asanteni’ kwa wengi, ‘kwaheri’ na ‘kwaherini’, ‘karibu’ na ‘karibuni’, kwa kiambishi ‘-ni’ kile kile kinachofungia kitenzi cha kuamrisha katika ‘njooni’ na ‘ketini’. Na ‘karibu’ hilo hilo katika ‘anakaa karibu na soko’ halipokei ‘-ni’ hiyo kabisa. Kwa kigezo cha umbo, maneno haya ya adabu yana kitu cha kitenzi ndani yake. Vitabu vya sarufi vilivyonakili orodha ya Lowth haviwezi kuliona hili, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na haja ya kuwashukuru watu wengi kwa umbo tofauti na mmoja.

Mfano ulio bora pengine ni ule wa barabarani. Katika njia za Afrika Mashariki madereva walielekezwa kwa kibao chenye maneno ‘Keep Left’. Kwa Kiingereza hiyo ni amri: kitenzi, na baada yake neno ambalo wengine huliita kielezi na wengine kivumishi. Waswahili walilisikia, wakaliita duara lenyewe la barabarani ‘kipilefti’, na wengi wake wakaufanya ‘vipilefti’. Silabi ya kwanza ya kitenzi cha Kiingereza imegeuka kiambishi cha ngeli, na amri nzima imekuwa nomino inayotawala upatanisho: kipilefti hiki kikubwa, vipilefti hivi vikubwa. Ndivyo ilivyokuwa zamani kwa ‘kitabu’, ambalo ‘ki’ yake katika Kiarabu ni sehemu ya mzizi, na kwa ‘madigadi’, ambalo ‘ma’ yake ilitoka katika neno la Kiingereza la tope. Wasemaji hawakuuliza neno hilo lilikuwa aina gani huko lilikotoka.

Wanasarufi wa Kiswahili hawakuwa na uhuru huo. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, alifuata kwa jumla mpangilio uliozoeleka wa nomino, vivumishi, viwakilishi, vitenzi, vielezi, vihusishi, viunganishi na vihisishi. Hapana haja ya kumlaumu. Alikuwa anawaandikia wageni waliokuwa na orodha hiyo vichwani. Lawama inawafaa zaidi waliomfuata baada ya miaka mia moja wakiwaandikia Waswahili. Tatizo linaonekana vizuri katika ‘-a’ ya ‘ukuta wa mawe’. Kwa kuwa Kiingereza kina ‘of’, na ‘of’ ni kihusishi, ‘wa’ nalo hufundishwa kuwa kihusishi. Lakini ‘of’ halibadiliki hata siku moja, ilhali ‘-a’ hufuata ngeli: ukuta wa, kuta za, kisima cha, maji ya. Mbaya zaidi, baadhi ya vitabu vinavyotumika shuleni huliita ‘wa’ kihusishi katika sura moja, na katika sura nyingine huita ‘wa mawe’ kivumishi cha a-unganifu, bila kumwambia mwanafunzi jinsi kihusishi kilivyomezwa. Bibi Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikuwa ameutazama upatanisho huo kwa makini zaidi kuliko wengi waliokuja baadaye.

C. M. Doke ndiye aliyethubutu kuvunja orodha. Katika sarufi yake ya Kizulu ya mwaka 1927 alijenga mfumo wa aina sita kwa lugha za Kibantu, na chini ya vipambanuzi vya nomino akaviweka pamoja vivumishi, virejeshi na vimilikishi. Kwa mizani yake, ‘mrefu’, ‘aliyekuja’ na ‘wa Mombasa’ katika ‘mtu mrefu’, ‘mtu aliyekuja’ na ‘mtu wa Mombasa’ ni ndugu, kwa kuwa vyote huifuata nomino kwa upatanisho. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, na mtu aliyezoea Steere huipumua kama hewa safi. Hata hivyo Doke alipima kwa dhima, na dhima peke yake haitoshi. ‘Aliyekuja’ kwa umbo ni kitenzi chenye njeo, na ‘wa Mombasa’ ni maneno mawili katika maandishi ya Kiswahili, basi ni kirai, si neno. Kosa la ‘stone wall’ limerudi kwa mlango mwingine, ingawa safari hii limebebwa na mtu aliyezijua lugha zenyewe.

Yapo pia maneno ya Kiswahili ambayo hata umbo haliyatoshi. Katika ‘vitabu vizuri’ neno la pili ni kivumishi chenye upatanisho wa ngeli ya ki-vi. Katika ‘anasoma vizuri’ umbo ni lile lile, lakini hakuna nomino ya kupatana nayo, na neno linaeleza namna ya kusoma. Sentensi ‘ameandika vitabu vizuri’ inazikubali tafsiri zote mbili, na hapo Mswahili naye anakutana na utata wa mhariri wa Kiingereza. Na kiko kitenzijina. Katika ‘kumwona mgonjwa kulimtia huzuni’, ‘kumwona’ ni kiima kinachotawala ‘ku-’ ya kitenzi kikuu, kama nomino yoyote. Wakati huo huo limebeba ‘-mw-’ ya shamirisho, jambo ambalo nomino haiwezi kulifanya. Kiingereza kina jamaa yake katika ‘seeing the patient’. Wayunani walikuwa na kundi maalumu la maneno yenye kushiriki tabia za aina mbili, ingawa wao walilikusudia kwa maumbo mengine ya kitenzi. Lowth na Murray hawakulipa nafasi katika tisa zao, na waliotafsiri orodha yao kwa Kiswahili hawakuwa na habari kwamba liliwahi kuwapo. Mwanafunzi anayeulizwa kama ‘kumwona’ ni nomino au kitenzi yafaa aruhusiwe kuandika viambishi vyote viwili, ‘ku-’ inayotawala upatanisho na ‘-mw-’ ya shamirisho, kisha apewe alama zake zote.